Ubao Wenye Matundu

Msomaji, nyuma ya ghala la chuo ninachofundisha palikuwa na lundo la madawati mabovu. Yalikuwa madawati ya zamani, ya kukalia wawili wawili, yaliyoundwa kwa mvule, na kila moja lilikuwa na matundu mawili ya mviringo karibu na ukingo wa juu. Vijana wa siku hizi wakiyaona huuliza matundu hayo yalikuwa ya kazi gani. Yalikuwa ya vidau vya wino, maana kalamu za zamani hizo zilichovywa katika wino kila baada ya maneno machache. Miguu ya madawati ilikuwa imeliwa na mchwa, bawaba zilikuwa zimeshikwa na kutu, na agizo lilikuwa limetolewa kwamba yote yapasuliwe yawe kuni za jikoni. Niliomba mawili. Nilizitaka mbao zake za juu, ambazo mchwa hawakuzigusa, nizifanye rafu za kutundika ukutani, za kuwekea chupa.

Yamkini utauliza: rafu ya chupa ina uhusiano gani na somo la historia, hata mwalimu wa historia aache vitabu na kushika msumeno? Jibu ni kwamba ubao wenye matundu, ambamo chupa hutiwa kwa shingo, si uvumbuzi wangu. Ni chombo chenye umri wa miaka 200 na zaidi. Kilizaliwa Ufaransa kutokana na meza kuukuu, kikafanya kazi gizani muda mrefu, kisha kikaachishwa kazi na mashine, na leo hutundikwa kama pambo katika nyumba za watu ambao aghalabu hawajui kilikuwa nini. Tena, kwa Kifaransa chombo hicho huitwa pupitre, na neno hilo ndilo lililo jina la dawati la shule. Basi mimi, nilipolichukua dawati kulifanya rafu, nilikuwa nikipita katika njia iliyokwisha kukanyagwa na wengine. Nifuate katika njia hiyo, nami mwishoni nitakueleza kosa nililolifanya.

Safari yenyewe hupita katika habari za mvinyo, nami najua kwamba wengi wa wasomaji wangu wamekatazwa kinywaji hicho na dini yao au na wazazi wao, na wote wamekatazwa na shule. Sikuandika ili nimsifie mtu ulevi. Mwanafunzi wa historia husoma habari za vita bila kupenda kuua, na husoma habari za biashara ya utumwa ili aichukie zaidi. Kadhalika aweza kusoma habari za mvinyo bila ya kuutia mdomoni. Neno lenyewe mvinyo ni mgeni wa siku nyingi pwani kwetu. Lilitokana na neno vinho la Wareno, ambao merikebu zao zilifika Mombasa na Malindi mwaka 1498.

Tuanze na swali dogo. Kwa nini chupa ya mvinyo hulazwa, na chupa ya mafuta ya taa husimamishwa? Watu wa kale, kama Wayunani na Warumi, waliweka mvinyo katika mitungi ya udongo. Baadaye mapipa ya mbao yalichukua mahali pa mitungi, kwa kuwa pipa huviringishwa, wala halivunjiki upesi. Chupa za kioo zilikuwako, lakini zilikuwa nyembamba na dhaifu, za kuletea kinywaji mezani tu. Mwaka 1615 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alipiga marufuku kuchoma kuni katika tanuri za kioo, kwa sababu miti ilikuwa ikipungua, naye aliitaka kwa kuundia merikebu. Mafundi wa kioo wakalazimika kutumia makaa ya mawe. Moto wa makaa ya mawe ukawa mkali kuliko moto wa kuni, na kioo kilichotoka humo kikawa kinene, cha rangi nzito, na chenye nguvu. Miongoni mwa wanaotajwa kwa ufundi wa chupa hizo ni Sir Kenelm Digby, aliyeishi tangu 1603 hadi 1665. Tazama jinsi mambo yanavyofungamana: mfalme alitaka kuokoa miti, na watu wakapata chupa imara.

Chupa imara ilihitaji kizibo imara. Hicho kilipatikana katika gome la mwaloni wa namna yake, umeao Ureno na Hispania. Kizibo cha gome hilo kikikauka husinyaa, hewa ikaingia, na mvinyo ukageuka siki. Kikilowana hufura na kubana. Kwa hiyo chupa ilitakiwa ilale, ili kinywaji kikilowanishe kizibo daima. Lakini chupa za karne ya 17 zilikuwa na tumbo kama kitunguu, nazo hazikulala vizuri. Kadiri karne ya 18 ilivyoendelea, tumbo lilipungua na ubavu ukanyooka, hata chupa ikapata umbo la mche duara tulijualo leo. Hapo ndipo ilipowezekana kuzilaza chupa safu juu ya safu, na hapo ndipo rafu ya chupa ilipopata sababu ya kuwako.

Sasa twende katika nchi ya Champagne, kaskazini-mashariki ya Ufaransa, penye mji wa Reims. Mvinyo wa huko hutoa povu, kwa sababu huchachushwa mara mbili, na mara ya pili huchachuka ndani ya chupa iliyokwisha kuzibwa. Gesi inayotoka haina njia, nayo hujificha katika kinywaji. Mwaka 1728 Mfalme Louis wa Kumi na Tano alitoa ruhusa mvinyo huo usafirishwe katika chupa badala ya mapipa, na biashara yake ikapanuka. Lakini hamira iliyofanya kazi ya kuchachusha hufa, ikaacha mashapo, na mashapo hayo huuchafua mvinyo ukawa kama maji ya mto baada ya mvua. Mnunuzi gani atatoa fedha nyingi anunue matope? Dawa iliyotumika ilikuwa ni kuumimina mvinyo kutoka chupa hii hadi chupa ile, ili mashapo yabaki nyuma. Kazi hiyo ilikwenda polepole, ilimwaga mali, na ilipoteza gesi ambayo ndiyo iliyokuwa sifa ya mvinyo wenyewe.

Katika mji huo wa Reims alizaliwa, mwaka 1777, Barbe-Nicole Ponsardin, binti wa mwenye kiwanda cha nguo. Mwaka 1798 aliolewa na François Clicquot, ambaye jamaa zake walikuwa wafanyabiashara wa nguo na mvinyo. Mwaka 1805 mumewe akafa, akamwacha mjane wa miaka 27 na mtoto mmoja wa kike. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Sheria ya Ufaransa iliyotolewa mwaka 1804, chini ya utawala wa Napoleon, ilimweka mke katika mamlaka ya mumewe, hata hakuweza kufanya biashara pasipo idhini yake. Mjane hakuwa na mume wa kumwomba idhini. Mlango ambao sheria ilimfungia mke, mauti yalimfungulia mjane. Mama huyo alimwomba mkwewe amwachie biashara ya mvinyo, naye akakubali. Kwa muda wa miaka minne alifanya kazi pamoja na mshirika mzoefu, na mwaka 1810 akasimama peke yake.

Vita vya Napoleon vilikuwa vimeziba njia za bahari na kufunga masoko. Ilipofika mwaka 1814, vita hivyo vilipoelekea kwisha, mjane huyo alipakia merikebuni chupa zaidi ya 10,000, zikaenda Königsberg, bandari ya bahari ya Baltiki iliyokuwa njia ya kufikia soko la Urusi. Alifanya hivyo kabla wenzake hawajathubutu. Mzigo ulipokewa kwa shangwe, na maagizo mapya yakamiminika. Basi shida ya zamani ikawa kubwa zaidi: wanunuzi walikuwa wengi, na kazi ya kuondoa mashapo ilikwenda mwendo wa kobe.

Mapokeo ya nyumba ya Clicquot husema kwamba mwaka 1816 mjane aliamuru meza ya jikoni mwake ishushwe katika ghala la chini ya ardhi, itobolewe matundu, na chupa zitiwe humo kichwa chini, miguu juu. Kila siku chupa ilitikiswa na kugeuzwa kidogo, na mashapo yakateremka polepole hata yakakaa yote juu ya kizibo. Hapo kizibo kilifunguliwa kwa ustadi, mashapo yakaruka nje kwa nguvu ya gesi, chupa ikazibwa tena upesi, na mvinyo ukabaki mwangavu kama maji ya chemchemi. Mapokeo hayo humtaja pia Antoine Müller, mkuu wa ghala lake, kwamba ndiye aliyefikiri matundu yatobolewe kwa mshazari, ili chupa iweze kuinuliwa kidogo kidogo kutoka kulala hata kusimama.

Mwanafunzi mwema wa historia hujifunza kupambanua mahali kama hapa. Kwamba mjane huyo aliishi, akafanya biashara, akafa mwaka 1866, ni jambo lenye hati. Kwamba ufundi wa kugeuza chupa ulikuzwa katika nyumba yake, hukubaliwa na wengi. Lakini ni mkono wa nani ulioshika keekee na kuitoboa meza ile? Mapokeo yana mazoea ya kumpa mwenye nyumba sifa ya mikono yote iliyomo nyumbani.

Meza hula nafasi kubwa ya sakafu, kwa hiyo haikukaa meza muda mrefu. Katika karne hiyo hiyo mbao mbili ziliunganishwa juu kwa bawaba na kutanuliwa chini, mfano wa paa la nyumba. Kila ubao una matundu 60, yaani safu 10 za matundu 6, na chombo kizima huchukua chupa 120. Kwa mwinamo wake kilifanana na meza ya kusomea, na hivyo ndivyo kilivyoitwa pupitre, yaani dawati.

Madawati hayo hayakukaa darasani. Yalikaa chini ya ardhi, na katika mji wa Reims mengine yaliwekwa katika mashimo makubwa ambayo watu wa zamani waliyachimba wakitafuta mawe ya kujengea. Mwamba wenyewe ni chaki. Wachimbaji walipoondoka, mashimo yalibaki matupu. Wenye mvinyo wakaona kwamba baridi ya humo haibadiliki sana kiangazi wala kipupwe, wakayafanya maghala. Basi hata ghala lenyewe lilikuwa ni kitu cha zamani kilichopewa kazi mpya. Humo, katika mwanga hafifu, walifanya kazi wageuzaji. Mgeuzaji hodari alishika chupa mbili kwa pamoja, moja kila mkono, akazitikisa, akazigeuza kama sehemu ya nane ya duara, kisha akaenda kwa jozi ya pili. Na kwa siku moja aliweza kugeuza makumi ya maelfu ya chupa. Kazi hiyo ilirudiwa kila siku kwa majuma sita hivi kabla chupa haijawa tayari. Jina la mjane limo katika karatasi inayobandikwa juu ya chupa za nyumba yake hata leo. Majina ya wageuzaji hayamo.

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza viliufikia mji wa Reims. Makombora yaliupiga mji, na tarehe 19 Septemba kanisa lake kuu likawaka moto. Watu wengi walishuka katika maghala ya mvinyo, wakakaa humo pamoja na vitanda vyao na vyombo vyao. Kabla mwaka huo haujaisha shule zilifunguliwa chini ya ardhi, na watoto wakasoma huku mizinga ikinguruma juu yao. Fikiri, msomaji, darasa ambalo kuta zake zenyewe ni chaki, na mwalimu anayengoja kishindo kipite ndipo amalizie sentensi yake. Mimi kila nikisikia kelele za mvua juu ya bati la darasa letu, na kutaka kuacha kufundisha, huwakumbuka walimu wale.

Katika miaka ya 1970 ikaanza kuenea mashine iitwayo gyropalette. Ni kizimba cha chuma kichukuacho chupa 504, nacho hugeuzwa kwa nguvu ya umeme usiku na mchana. Hakiumwi mgongo, wala hakihitaji taa, na kazi ya majuma sita hukimaliza kwa juma moja hivi. Sitasema kwamba mashine hiyo ni adui wa watu, maana kugeuza chupa gizani maisha yote si raha. Hata hivyo mbao nyingi zenye matundu zilibaki bila kazi, isipokuwa katika nyumba zilizoendelea kushika desturi kwa chupa zao teule. Watu wapendao vitu vya kale walizinunua, wakazisafisha, wakazitundika katika kuta za sebule zao, na kutia humo chupa chache za nyumbani. Hivyo kilichokuwa chombo cha jasho kikawa pambo. Mwaka 2015 UNESCO iliyaingiza mashamba, nyumba na maghala ya Champagne katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini ubao uliokwisha kuuzwa na kutundikwa mbali na ghala lake hauwezi kujieleza wenyewe. Mgeni akiutazama huhesabu matundu. Mikono haihesabiki.

Sasa turudi chuoni. Mimi na wanachuo wangu, tukiongozwa na fundi wa karakana, tulifanya hivi, nawe ukitaka waweza kufanya hivyo hivyo. Kwanza tuling'oa kila msumari na kila bawaba, maana msumari mmoja uliosahauliwa huvunja meno ya msumeno. Pili tuliugonga ubao kwa kifundo cha kidole kutoka ncha hata ncha, kwa kuwa mti mzima hulia, na mti ulioliwa ndani hunong'ona. Hapa natoa onyo: ubao wenye rangi ya zamani usiusugue kwa msasa mkavu, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu. Ubao wetu haukuwa na rangi.

Tatu tulipima. Shingo ya chupa ya kawaida ya sentilita 75 ina upana wa sentimita 3 hivi, na tumbo lake sentimita 7 au 8. Kwa hiyo tundu la sentimita 4 latosha, na kutoka katikati ya tundu moja hata katikati ya jirani yake pasipungue sentimita 12. Matundu mawili ya vidau yalikuwa yamekaribia sana kipimo hicho. Basi hatukujipangia mstari wetu wenyewe, tuliufuata mstari wa wino. Nne fundi alitoboa kwa keekee matundu mengine 12, na wanachuo wakachonga kingo zake kwa mshazari kwa patasi na tupa, ili chupa iweze kulala au kuinuliwa. Tano tuliutundika. Ubao wa namna hii haubandikwi bapa, kwa sababu shingo ya chupa yataka nafasi nyuma yake. Ukingo wa juu uliwekwa sentimita 12 kutoka ukutani, na ukingo wa chini sentimita 25, ukashikwa na vipande vya ubavu wa dawati lile lile. Skrubu ziliingia katika jiwe, si katika lipu tupu. Chupa 14 zilizojaa maji huzidi kilo 14 pamoja na uzito wa ubao, na pambo linalomwangukia mtu kichwani si pambo.

Hapa ndipo nafikia kosa langu. Ubao wa kwanza ulikuwa umejaa mikwaruzo: majina, herufi, miaka, na alama nyingine zilizochongwa kwa ncha ya bikari na wanafunzi waliochoka kuwasikiliza walimu wao. Mimi nilitaka rafu nzuri. Kabla hatujatoboa tundu lolote, fundi aliniuliza, "Mwalimu, haya maandishi niyaache ama niyaondoe?"

"Yaondoe, Fundi," nikamjibu. "Tunataka uso laini."

Akasukuma randa, na majina yakajikunja katika maranda membamba ya mvule, yakaanguka sakafuni. Jioni wapishi waliyazoa wakayawashia moto.

Juma lililofuata alikuja chuoni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye alisoma hapo kuanzia mwaka 1960 hadi 1962. Alikuja kwa shughuli za mjukuu wake. Alipopita karibu na karakana akaziona mbao, akaingia. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaupapasa ubao laini kwa kiganja.

"Mwanangu," akasema, "hizi si mbao za madawati yetu?"

"Ndizo, mzee."

"Palikuwa na majina."

"Yalikuwako, mzee. Katika ubao huu niliyaondoa."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Tulikuwa tukikaa wawili. Mwenzangu alichonga jina lake na langu, nami nikamgombeza, maana niliogopa adhabu. Yeye hakujaliwa kufundisha. Alifariki kabla ya mtihani wa mwisho."

Akaugeukia ubao wa pili, ambao ulikuwa haujaguswa, akausoma wote kwa kidole, neno baada ya neno, kama mtoto anayejifunza kusoma. Majina yale hayakuwamo. Hakunilaumu. Alisema tu, "Labda lilikuwa dawati jingine," nami nilijua kwamba alisema hivyo kwa kunihurumia.

Fikiri aibu yangu, msomaji. Mimi ndimi niliyekuwa nimewafundisha wanachuo kwamba wageuzaji wa Reims walisahauliwa, na kwamba kusahauliwa kwao ni hasara. Kisha mimi huyo huyo, kwa kazi ya randa ya robo saa, nikaileta hasara hiyo katika karakana yetu. Sikufanya hivyo kwa ubaya. Nilifanya kwa kupenda uzuri, na nadhani mambo mengi ya kale yameangamizwa na wapenda uzuri kuliko yaliyoangamizwa na maadui.

Ubao wa pili hatukuuranda. Tuliufuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, tukauacha ukauke kivulini, tukaupaka mafuta, na majina yakazidi kuonekana. Kabla ya kutoboa tundu jipya tulinakili katika daftari kila jina na kila alama, pamoja na mahali pake. Palipokuwa na jina, tundu lilisogezwa. Kwa sababu hiyo safu ya chini imepinda, na mgeni asiyejua husema kwamba fundi wetu hana macho. Fundi mwenyewe husikia na kucheka.

Mbao zote mbili zimetundikwa katika chumba cha historia, mmoja laini, mmoja wenye makovu. Chupa zake hazina mvinyo. Kila mwanachuo aliyepewa chupa alileta udongo wa kwao: mwekundu wa Kiambu, mweusi wa nyanda za Kano, mchanga mweupe wa Kilifi, na nyingine nyingi. Tulitia katika kila chupa gao la udongo na maji, tukaziba kwa nguvu, tukazilaza kwa juma moja. Kisha tukazitia katika matundu kwa shingo, na kila asubuhi mwenye chupa aliitikisa kidogo, akaigeuza sehemu ya nane ya duara, akaiinua kidogo. Mchanga uliteremka siku ile ile. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa mkaidi, ukashikamana na kioo kwa majuma, ukateremka kwa wale tu waliokuwa na subira. Waliosahau kugeuza siku za mapumziko walikuta mashapo yamekaa ubavuni, maana chupa haijui Jumapili.

Siku moja mwanachuo aliyeshika zamu ya kugeuza chupa zote 28 alinigeukia akasema, "Mwalimu, mikono yangu imechoka kwa hizi chache. Yule wa maelfu je?" Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko kurasa nyingi nilizowasomea. Kwa mara ya kwanza mgeuzaji wa Reims alikuwa mtu kwao, mwenye viwiko na mabega.

Basi, msomaji, vitu vya zamani haviko Ufaransa peke yake. Viko nyuma ya ghala la shule yako, katika dari ya nyumba ya babu yako, na katika karakana ya fundi wa mtaani. Kuvipa kazi mpya ni jambo jema: huokoa miti, huokoa fedha, na huupamba ukuta. Lakini kabla ya kushika msumeno, kiulize kitu hicho kilikuwa nini, kilitumiwa na nani, na alama zilizomo ziliwekwa na mkono wa nani. Kama hakijibu, muulize mzee aliye karibu nawe, na alilokuambia liandike. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu la majina limo katika kabati ya chumba cha historia, na katika ukurasa wake wa mwisho nimeandika tarehe niliyouranda ubao wa kwanza, na jina langu mimi niliyetoa amri.